Tambara la Ekzosi

Mkunga alitoka ndani ya zahanati akijifuta mikono, akasimama kizingitini. Pikipiki yake ilikuwa inang'aa kama jino la dhahabu. Si yeye aliyeiosha.

Nusu saa kabla, aliiacha uani imevaa matope ya wiki nzima, tayari kwa kuoshwa. Tambara alilisokomeza kwenye ekzosi, maji yasiingie. Chujio la hewa alilitoa akalianika juani, na tundu lake chini ya kiti, ambalo ndilo pua ya injini, akalifunika kwa mfuko wa plastiki na kulikaza kwa mpira. Ndoo ilijaa, sifongo ilielea juu. Ndipo akaitwa kumshona mtu aliyejikata panga.

Sasa tambara lilikuwa kwenye pipa la taka. Mfuko nao huko huko. Na Mkuu wa zahanati, ambaye wauguzi walimwita Bwana Sabuni akishawapa kisogo, alisimama uani na mpira wa mashine ya presha ya kuoshea magari mkononi, suruali imelowa hadi magotini, uso umejaa fahari.

"Umeonaje, Mama Mkunga? Miezi minane hujawahi kuifikisha hapa."

"Nani ametoa tambara na mfuko?"

"Takataka zile? Mimi. Wageni wa ukaguzi wanaingia saa nne. Wakute pikipiki ya zahanati imezibwa tambara kama chupa ya mafuta ya taa?"

"Umepuliza maji wapi?"

"Kote! Mnyororo, vitovu vya magurudumu, chini ya kiti. Huko chini ya kiti ndiko kulikojaa uchafu."

"Ukajaribu kuiwasha?"

Bwana Sabuni akanywea kidogo. "Nimepiga kiki kama kumi hivi. Imegoma. Nadhani petroli imeisha."

"Petroli!" Mkunga alisema. "Umeinywesha maji puani, halafu unasema ina njaa!"

Kabla hajaendelea, simu ikaita mfukoni mwake. Sauti ya mama mtu mzima, kutoka kijiji cha juu ya bonde, ilikuwa inatetemeka. "Mama Mkunga, mkamwana wangu ameanza. Chupa imepasuka alfajiri. Njoo, mwanangu, unajua ile ya kwanza alivyomwaga damu."

"Nakuja, mama. Mlaze ubavu wa kushoto. Msimpe dawa yoyote ya kunywa."

Akakata simu, akaitazama pikipiki. Njia ya kijiji kile haikupitika kwa gari. Ilikuwa mfereji wa matope na mawe, wa kupanda kwa matairi ya meno au kwa miguu. Mwaka juzi, zahanati ikiwa bado haina pikipiki, alipanda kwa miguu. Alifika jua linazama, akakuta wanawake wameshamfunika mzazi uso. Ndiyo maana, tangu pikipiki hii iletwe, aliiosha kwa mkono wake mwenyewe, ndoo na sifongo, brashi laini kwenye mnyororo, tone la mafuta kwenye kila kiungo, na kila nati aliyoikaza aliisemea neno kwa Mungu.

Uani palikuwa dimbwi. Pakavu palikuwa mahali pamoja tu, barazani, palipopigwa deki asubuhi na kutandikwa zulia jekundu la wageni. Akaishika pikipiki usukani, akaisukuma hadi juu ya zulia.

"Mama! Hapo ndipo watakapopigia picha!"

"Watapiga."

"Hasira hasara, mama yangu."

"Hasara umeshaileta wewe. Niachie mimi hasira." Akamtupia spana kifuani. "Shika. Ikamate mbele, inua mpaka isimame kwa gurudumu la nyuma."

Sijui ni sauti au ni macho, lakini Bwana Sabuni aliinua. Maji meusi yakatoka kwenye ekzosi yakamwagikia viatu vyake. Mkunga alimpokonya spana, akafungua plagi, akaipuliza, akaikausha kwa kiberiti. Akafungua kikombe cha chini cha kabureta. Yakatoka maji yenye mchanga, akayapokea kwenye kiganja na kumwonyesha Mkuu. Midomo ya Mkunga ilikuwa ikisema, lakini si na mtu. *Mungu wangu, kumsamehe nitamsamehe baadaye. Kwa sasa nipe cheche.*

Gari la wageni likaingia. Wakashuka watatu, wakiwa na makabrasha. Mama mmoja mwenye miwani akasimama chini ya ngazi.

"Kuna nini hapa?"

"Usafi, mheshimiwa," Bwana Sabuni akasema, jasho likimtiririka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Na mzazi je?" Mkunga alisema bila kuinua kichwa. "Yeye afe? Kuna mwanamke anazaa kule juu, na huyu ameniogeshea injini kwa ajili ya picha yenu. Sogeeni, mheshimiwa."

Tundu la plagi bado lilikuwa wazi. Akapiga kiki. Injini ikatema maji kama mtoto anayetapika dawa, yote kwenye koti jeupe la Mkuu. Akapiga tena, na tena, mpaka ikatema hewa tupu. Akarudisha plagi, akarudisha chujio lililokauka, akaupaka mnyororo mafuta. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi. Ya nne, pikipiki ikanguruma na kufukiza wingu jeusi lililofunika bango la KARIBUNI. Mkunga alifunga mkoba wa kuzalishia kifuani, akashuka ngazi juu ya pikipiki, na zulia likabaki na alama ya meno ya tairi.

Alirudi kesho yake mchana. Mtoto alikuwa wa kike. Damu ilitoka nyingi, lakini sindano iliwahi. Dakika ishirini zaidi, alimwambia muuguzi wa zamu, na isingewahi. Beringi ya gurudumu la nyuma, iliyoingiwa na maji, ililia njia nzima kama mbuzi aliyefungwa.

Bwana Sabuni alimkuta uani. Mashine ya presha haikuonekana. "Pole na safari, mama. Nimeambiwa wamepona wote. Tumshukuru Mungu."

"Nimeshamshukuru. Wewe hukuwemo."

Pikipiki ilikuwa matope mpaka kwenye usukani. Mkunga alijaza ndoo, akaiweka miguuni pa Mkuu. Akatoa mfukoni tambara alilolifukua kwenye pipa la taka, akamwekea kiganjani.

"Anza na hili. Unajua linakaa wapi."

Mkuu wa zahanati alitazama huku na huku, kisha akapiga magoti, akalisokomeza tambara kwenye ekzosi.

"Zaidi," Mkunga alisema. "Likaze."

Akasimama pale, mikono kifuani, mpaka gurudumu la mwisho. Sala ya kusamehe aliikumbuka. Aliiweka ya kesho.