Jiwe Namba Kumi na Nne

Wanafunzi kumi na tisa wa chuo walishuka kisiwani Jibondo saa mbili asubuhi, kila mmoja na nyundo, daftari na kichupa cha tindikali. Ussi, fundi wa vyombo, alikuwa akikalafati mashua, akiziba nyufa zake kwa pamba. Aliiacha ikining'inia kwenye ubao. Hakuwatazama wao, aliitazama boti iliyowaleta. Ubavuni, chini ya rangi mpya, neno WAGONJWA lilikuwa bado linasomeka.

Ndiyo boti aliyoambiwa mwaka juzi kuwa haina injini, siku mkewe Zuena, mama Nasma, alipolazwa pwani juu ya mkeka akitokwa damu, maji yakajaa, yakapwa, yakajaa tena. Walimzika alasiri.

Mwalimu wa wanafunzi, Kassian, alifundisha vizuri, hilo Ussi hakulikataa. Alisema kisiwa chote ni matumbawe yaliyokufa, kwamba hapo waliposimama zamani palikuwa chini ya bahari, na kwamba jiwe la chokaa ukilidondoshea tindikali hutoa povu. Ussi aliwafuata kwa mbali. Watu wa ofisini hawajapata kupima kitu wasichokitaka. Walipopima ufukwe wa upande wa pili, mwaka uliofuata watu walikatazwa kuanika dagaa pale.

Makaburi ya Jibondo hayaandikwi majina. Jiwe huwekwa kichwani, basi, na mwenye mtu wake analijua. Binti mmoja, Benedicta, aliyezoea makaburi ya saruji yenye msalaba, aling'oa jiwe la Zuena, akaliandika namba kumi na nne kwa wino, akalidondoshea tindikali. Likatoa povu. Ndani ya povu Zuena akauliza:

"Baba Nasma, boti imekuja?"

Benedicta akaandika daftarini: povu jingi, linaongea. Kassian akaja na tone la pili, swali likarudi vilevile. Akawaeleza wanafunzi kuwa jiwe la matundu mengi huhifadhi vitu, na wasisahau kulipima uzito.

"Shikamoo, baba," Benedicta alisema alipomwona Ussi amesimama mbele yake.

"Marahaba. Hilo la mke wangu."

Binti akaomba radhi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Fortunatus, afisa anayeshika funguo za boti, alikuja akihema. Alisema sampuli zote zimeshaorodheshwa. Kisha akasema mwaka juzi injini ilikuwa kwa fundi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Siku ile boti ilionekana kisiwani Shungimbili," Ussi alisema. "Mlikuwa na wageni, mnachoma samaki."

"Mzee, hizo siasa. Hapa tunasoma miamba."

Povu lilikuwa bado linachemka. Zuena akauliza mara ya tatu. Ussi alitazama pwani. Boti ipo, injini inanguruma. Tangu amuoe hakuwahi kumdanganya.

"Imekuja, mama Nasma."

"Basi nifungie kanga zangu. Ile ya bluu usiisahau."

Akaenda nyumbani, akazifunga. Akalibeba jiwe begani na furushi mkononi, akaingia majini mpaka magotini, akaomba nafasi ya mtu mmoja. Wanafunzi wawili wakasogea kumpisha. Fortunatus akayanyooshea magunia ya sampuli kidole, moja moja, bila haraka.

"Boti imejaa mawe," akasema.

Ikaondoka. Kassian aliinua mkono kuaga, maana alikuwa na adabu zake.

Ussi alilirudisha jiwe kaburini, akalitandikia kanga ya bluu. Namba ya wino haijafutika mpaka leo. Mvua ikinyesha jiwe hutoa povu kidogo, na Zuena haulizi tena kama boti imekuja. Anauliza inarudi lini. Ussi humjibu kuwa chuo kimesema mwakani.