Swali la Nyuma ya Pazia

Mwaka 1959, ukumbi wa kinamama wa Nguvumali ulipotaka kupakwa chokaa upya, Benedikta aliitwa kuliteremsha pazia. Lilikuwa la kitambaa cha marekani, refu kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa miaka sita lilikuwa limeugawa ukumbi huo sehemu mbili. Alipanda kitini, akafungua kamba, kitambaa kikamwangukia mabegani pamoja na vumbi lake. Akapiga chafya, akacheka peke yake, kisha akaona heri akae kwanza.

Zilikuwa tamu, zile Jumamosi za mihadhara. Mhadhiri na wanaume walikaa mbele kwenye mabenchi. Wanawake walikaa nyuma ya pazia, juu ya mikeka, kila mmoja na kitafunio chake na umbea wake. Wengi hawakutaka sauti zao zisikiwe na mwanamume wasiyemjua. Kwa hiyo mwenye swali alimnong'oneza Benedikta, Mkristo kutoka milimani asiye na mwiko huo, naye akachungulia kwenye ncha ya pazia na kusema, "Kuna mama anauliza." Hakumtaja mtu kamwe. Alikwisha kuuliza habari za surua, talaka, mirathi, hata dawa ya mume anayekoroma.

Aliyemnong'oneza zaidi ya wote ni Mehrunissa, mke wa Hakimuddin mwenye duka la vitambaa. Mama huyu hakuishiwa maswali. Alilishika pazia kwa vidole vyenye hina mbichi, akimsogelea Benedikta sikioni, na Benedikta alimpenda kama ndugu wa tumbo moja ingawa hakuwahi kumwambia.

Swali lake mwenyewe Benedikta hakuwahi kuliuliza. Ikawa mwaka 1955 binti yake, Lea, akafaulu kwenda shule ya kati, shule ya bweni. Laurenti, mume wa Benedikta, akasema yatosha. Mtoto arudi milimani kwa bibi yake, akangoje mume. Lori la kumchukua lingepita Jumatatu. Benedikta alisihi nyumbani mpaka maneno yakamwisha.

Jumamosi hiyo Mwalimu Asheri alihutubia juu ya elimu ya wasichana. Laurenti alikuwa benchi la pili. Mwalimu alipomaliza, Benedikta alichungulia.

"Kuna mama anauliza. Binti yake amefaulu, baba anataka kumwachisha. Mama huyo afanye nini?"

Laurenti alisimama kabla mwalimu hajafungua kinywa. Hakupandisha sauti.

"Mama huyo ni nani?"

Benedikta alirudisha kichwa ndani. Ndipo sauti ambayo ukumbi ule haukupata kuisikia ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba, ikitetemeka.

"Ni mimi. Mke wa Hakimuddin."

Wanaume wote wakamgeukia Hakimuddin. Alikuwa akifuta miwani, akaendelea kuifuta. Tanga nzima ilijua kuwa Mehrunissa ana watoto wanne, wote wa kiume, lakini hakuna aliyecheka. Benedikta alimtazama rafiki yake, aliyekuwa ameinamisha uso mikononi, akaona haya kwamba mwenzake amejivua sitara ili amfunike yeye. Akainuka, akatoka mbele ya pazia, mzima mzima.

"Si yeye, Baba Lea. Anayeuliza ni mimi."

Alichojibu mwalimu amekisahau. Anakumbuka kuwa Laurenti alitangulia nyumbani, akala bila neno, na Jumapili akaenda kanisani na kurudi bila neno. Jumatatu lori lilipiga honi. Laurenti akatoka kuzungumza na dereva, nalo likaenda zake tupu. Jioni alirudi na sanduku la bati. Akaliweka miguuni pa Lea, akamuuliza kama nguo za shule zitaenea humo.

Mehrunissa hakuja tena kwenye mihadhara. Mwaka uliofuata Hakimuddin alihamishia duka Pangani, na Benedikta hakupata kumshukuru. Kila mara alijiambia ataenda, kila mara likazuka jambo.

Sasa alilikunjua pazia mapajani, akaitafuta ile ncha. Alama za vidole zilikuwapo bado, za rangi ya kutu iliyofifia, kwenye kimo cha mwanamke aliyeketi. Saleha, aliyekuja na ndoo ya chokaa, alitaka kitambaa kichanwe kiwe matambara. Benedikta alimwomba mkasi, akakata kile kipande, akakifunga kwenye pindo la khanga.

"Basi la Pangani huondoka saa ngapi?" akauliza.

Saleha, aliyekaa naye mikekani miaka ile, alitabasamu. "Kuna mama anauliza?"

"Mimi," akasema Benedikta.