Fainali ya Maiki Wazi

Simu yangu ilikataliwa! Mchezo wa drafti mtandaoni ulisema ni ya zamani mno, haiwezi kukaguliwa udanganyifu kama fainali inavyotaka, na fainali hiyo ya mkoa ilikuwa saa nane mchana huohuo. Zawadi ya bingwa ni simu mpya. Mimi Felisita nikose simu mpya kwa sababu sina simu mpya? Haiwezekani.

Nikamkimbilia shangazi yangu Deodata, mwenye mgahawa hapa Nyakanazi.

“Shikamoo shangazi. Naomba simu yako nichezee fainali.”

“Marahaba. Haitoki humu ndani, wateja wanaagizia chakula.”

“Nitachezea hapahapa. Ila maiki itabaki wazi, waandaaji wanasikiliza kama kuna mtu ananitajia kete.”

“Na maneno ya wateja wangu je? Madereva wanaongea mambo ya nyumbani kwao hapa!”

Akafikiri kidogo, kisha akagonga sufuria kwa mwiko. “Jamani, hii simu inasikiliza! Mwenye siri akaongelee nje. Mwenye ujuzi wa drafti afunge mdomo!”

Hakuna aliyetoka. Wote walijazana nyuma yangu. Watazamaji wa drafti mnawajua: wanacheza kwa mdomo kuliko mwenye kete. Siku hiyo waliumwa na ukimya, maskini.

Mpinzani wangu, Clever, alikuwa Biharamulo mjini, na tulisikiana kwenye simu. Anajua kucheza, yule! Tukabaki kete tano kwa tano. Nikapeleka kidole kwenye kete ya kati. Hapo Privatus, dereva wa lori la saruji, akajiziba mdomo kwa mikono miwili na kutoka mbio hadi barabarani.

Nikarudisha kidole, nikaangalia upya. Loo! Nampa moja, nakula tatu! Maiki haikusikia kitu, simu mpya ilikuwa yangu. Lakini mtego ule sikuuona mwenyewe, na hilo liliniudhi kweli. Mimi si mtu wa kuonyeshwa.

“Clever,” nikasema, “hapa kuna kete zako tatu zinaliwa. Nimeonyeshwa.”

Clever akacheka. “Dada, mimi naonyeshwa tangu mwanzo. Kuna mzee hapa anakohoa kila nikitaka kukosea.”

Kioo cha simu kikawa chekundu: maiki imetusikia. Sote wawili tumeondolewa.

“Ubao wa drafti unao?” Clever akauliza.

“Ninao.”

“Basi napanda gari sasa hivi. Watu wangu je, niwaache?”

Simu mpya imekwenda, na mimi nilikuwa nacheka mpaka machozi.

“Njoo nao wote,” nikamwambia, “na midomo yao.”

Shangazi akaichukua simu yake, akaizima, na mgahawa mzima ukaanza kupiga kelele.