Nyuma ya Mwalimu

...nisigeuke, Rehani askari amesema atakayegeuka ameshindwa hapo hapo, kwa hiyo natazama mbele, meza, kidau cha wino, kofia ya Bwana Shauri, Mjerumani aliyetoka boma asubuhi hii, na nyuma yangu nasikia miguu tu, wanaume wa Mkonze wote wanainuka vumbini, kila mmoja aende akasimame nyuma ya yule anayemtaka awe jumbe, nyuma yangu mimi, Yotham, mwalimu wa shule ya misheni, au nyuma ya mzee Matonya aliyesimama hapa kushoto kwangu, karibu hivi kwamba namsikia anavyotafuna tumbaku yake, hana wasiwasi mzee huyu, miaka tisa jumbe na herufi hata moja haijui, na ile miguu... inakwenda kushoto. Inakwenda kushoto tena. Si kitu, hao wa kwanza ni ndugu zake, ukoo wake siku zote hukaa mbele barazani, subiri, Yotham, wako watakuja, wale niliowafundisha kuandika majina yao, wale ninaowasomea barua za watoto wao walioko pwani, wale walioniambia kwa midomo yao wenyewe, mwalimu, sisi tuko nawe, na mmoja wao, simtaji, alikula kwangu juzi na kulamba vidole... kushoto. Wote hao wanakwenda kushoto. Hata hawanong'oni, wangenong'ona ningejua wanaona haya kidogo.

Loisi, mke wangu, yuko kule ukutani mwa tembe pamoja na wanawake, wanawake hawahesabiwi, asubuhi alinifunga kifungo cha shingoni akasema, Baba Emilia, na ukishindwa utarudi nyumbani kama kawaida, sivyo? na mimi nikamcheka, nikamwambia nani atamtaka mtu anayepokea barua ya boma kwa mikono miwili, anashukuru, halafu anaichomeka kwenye paa iliwe na panya, maana ndivyo afanyavyo Matonya, kila mtu anajua, na askari wakija kuuliza watu wako wapi, mzee anakunja uso, anasema, bwana wangu, sisi hatuna macho ya karatasi, tulidhani ni salamu, na wanamchapa, wamemchapa mara ngapi sijui, mgongo wake naujua, na siku zinapita, na boma linachoka, linakwenda kutafuta watu kijiji kingine. Nilimwona mjinga. Nilisema hadharani, tena hapa hapa, kwamba zama za jumbe asiyesoma zimekwisha, kwamba mtu anayesoma atazungumza na Wajerumani uso kwa uso, neno kwa neno, na watu walinyamaza nikadhani wameguswa... kifungo hiki kinanikaba, nisikiguse, Bwana Shauri atadhani nageuka.

Ile barua ya mwaka jana, ndiyo hiyo wanayotembea nayo miguuni, najua, najua sana, Matonya alikuwa msibani Miyuji, mjumbe wa boma akanikuta mimi shuleni, nikaivunja lakiri, nikasimama mbele ya wanaume wote nikaisoma kwa sauti, watu ishirini, kazi ya reli, wafike boma Jumatatu, niliisoma vizuri kweli, mstari wa mwisho nikaurudia kwa sababu sauti yangu siku ile ilikuwa nzuri, na nilipomaliza nikawatazama nikingoja, nilingoja nini, Mungu wangu, nilingoja sifa, na mjumbe wa boma amesimama pale anaona kwamba wamesikia, hakuna tena wa kusema tulidhani ni salamu. Ishirini walikwenda. Kumi na watano walirudi. Sila hakurudi, Sila mdogo wake Loisi, alikufa kwa kuhara kambini huko njia ya Tabora na hatujui hata walimlaza wapi, na Matonya aliporudi kutoka msibani hakunigombeza, aliniuliza tu, ulisoma yote? yote, mzee, hata idadi? hata idadi, akatikisa kichwa akaondoka, na mimi nikasema huyu ananionea wivu. Mwaka mzima nimesema ananionea wivu.

...kikohozi cha nani kile, kushoto pia, nyuma yangu kimya, jua linanipiga kisogoni na hakuna kivuli cha mtu hata mmoja. Bwana Shauri hainui kichwa, anapiga vijistari kwenye karatasi, kijistari kimoja kwa kila mtu, upande mmoja umejaa na upande mwingine mweupe, na mimi nafanya nini, nasoma, siwezi kuona karatasi nisisome, shule yetu ilikuwa na kitabu kimoja, sisi wanane tukikizunguka, na mahali pangu palikuwa ng'ambo ya meza, kwa hiyo mimi nilijifunza kusoma herufi zikiwa kichwa chini, mpaka leo naziona sawasawa, na kando ya ile ya vijistari kuna karatasi nyingine, imekwisha kuandikwa, wino mkavu, mwandiko mzuri wa karani... Kwa Jumbe Yotham wa Mkonze. Hapana. Soma tena. Kwa Jumbe Yotham wa Mkonze, salamu, nataka watu sitini kwa kazi ya reli, na tarehe ni ya juzi. Juzi! Juzi nilikuwa bado nazunguka tembe kwa tembe nikiomba watu wasimame nyuma yangu, na huku boma limekwisha kunichagua, na hawa wanatembea, wanaume wazima wametoka mashambani, wanatembea kwa makini, wanajipanga, wanadhani miguu yao inasema kitu.

Sitini. Mkonze ina sitini wenye nguvu? Na atanipa mimi niisome, leo, mbele yao, ndiyo maana karatasi iko mezani, atasema jumbe mpya, soma. Niseme sasa? Nipige kelele, jamani, rudini nyumbani, haya yamekwisha juzi? Ni viboko ishirini na tano, na kesho wanakuja kuwachukua hao sitini vilevile. Naogopa, nasema kweli, naogopa, mgongo wangu haujawahi kuchapwa, mgongo wa mwalimu. Nendeni kushoto basi. Nendeni wote, asije mtu kwangu, nilikuwa naomba waje na sasa naomba wasije, na laiti ningeruhusiwa kugeuka ningekwenda mimi mwenyewe kusimama nyuma ya mzee huyu na tumbaku yake. Nitasema sioni. Akinipa nitaishika kwa mikono miwili, nitashukuru, nitakunja uso, bwana wangu, macho yangu yameharibika, mwandiko huu siuwezi, ndivyo, mara moja tu nisijue kitu, naweza, Matonya ameweza miaka tisa... macho yangu, bwana wangu... lakini hata kichwani maneno yanatoka kwa sauti ya darasani.

Fimbo. Fimbo na mguu unaoburutwa, unakuja kulia, usije, nani, naujua mguu huo, ni Bartolomayo, baba yake Loisi, baba yake Sila, anapumua nyuma yangu, kivuli chake kinaufunika mguu wangu.

"Mbukwa, mkwe wangu."

"Baba, rudi kule kwa wenzako."

"Nirudi wapi? Nimekuona uko peke yako juani, nikasema hapana. Sila alichukuliwa na boma. Hakuchukuliwa na wewe."

Mwaka mzima nimeyangoja maneno hayo, nimelala nayo na kuamka nayo, na sasa yamekuja siwezi hata kumtazama aliyeyasema, ningelia kama ingekuwa nyumbani, na Bartolomayo hanyamazi, Rehani amecheka kidogo, amesema mwalimu kapata mmoja, na mzee amechukia, anapandisha sauti kwa fahari, mzee wa kanisa anayejivunia mkwe wake.

"Cheka tu, askari. Huyu wetu ndiye msomi. Huyu anasoma hata kitabu kikiwa kichwa chini, tangu utotoni, mwulize mtu yeyote hapa."

Baba, nyamaza. Baba yangu, tafadhali. Bwana Shauri hajainua kichwa, mkono wake wa kulia unaendelea kupiga vijistari vya Matonya, kimoja, kingine, lakini ule wa kushoto umetoka juu ya goti, unatembea mezani bila haraka, unaifunika ile barua na kutulia juu yake, na watu bado wanatembea, na mimi natazama mbele kama nilivyoambiwa.