Kigelegele cha Uwanja wa Majivu

Siku hizi mtu akiniambia anapenda michezo, huwa nacheka kimoyomoyo. Timu yake ikifungwa mara mbili, ameshahamia nyingine. Sisi wa Bondeni, Nakuru, tulimshangilia Owuor, mwendesha baiskeli wetu, miaka mitatu bila kumwona akishinda hata mara moja. Nasema sisi, lakini kusema kweli aliyemshangilia ni mke wangu, Kuluthum. Mimi nilikuwa upande wa Wasike, aliyeshinda karibu kila Jumapili, kwa hiyo chakula cha jioni siku hiyo tulikila bila kuzungumza.

Ninazungumzia mwaka wa 1951. Nyuma ya Bondeni palikuwa na uwanja wa mbio za baiskeli, mviringo mmoja mrefu uliomwagiwa majivu ya makaa kutoka karakana ya reli. Vijana waliyavuta majivu hayo kwa mkokoteni, wakayashindilia kwa miguu yao wenyewe. Hatukupewa na mtu. Siku ya mbio walikuwa wanang'oa breki, wanang'oa madigadi, wanabaki na fremu, mnyororo na ujinga wa ujana. Owuor na Wasike walikuwa mafundi wa reli, kitanda kwa kitanda katika landi moja, yale mabanda ya wafanyakazi wa reli, na wiki nzima walikula sufuria moja. Jumapili walikuwa hawajuani.

Mbio moja ilikuwa mizunguko kumi. Mwendeshaji hahesabu, maana majivu yanamjaa machoni, na anayeinua kichwa kutazama amekwisha kupitwa. Zamani tulikuwa na kipande cha reli kilichotundikwa, kikigongwa watu wanajua umebaki mzunguko mmoja. Mwaka wa 1949 kiliibwa. Kilihitaji wanaume wanne kukibeba, na mpaka leo nawatazama wazee fulani wanne kwa jicho baya.

Jumapili iliyofuata, mizunguko ilipofika tisa na hakuna wa kugonga kitu, Kuluthum alisimama akapiga kigelegele. Mke wangu ni mwembamba, ukimwona utadhani upepo utamchukua. Lakini kigelegele chake kilifika mpaka stesheni. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyehesabu, akihamisha kokoto kutoka kiganja hiki hadi kile, na ilikuwa sheria: anayesimama kabla ya Kuluthum kupiga, ameshindwa. Akishapiga yeye, watu mia saba nao walikuwa wanalipuka kwa pamoja, na mzunguko wa mwisho ulikuwa hausikiki isipokuwa mayowe.

Hapo ndipo balaa ilipoingia. Juu ya mteremko alikaa mzungu mmoja, diwani, mfugaji wa kuku. Alilalamika kwamba kuku wake hawatagi Jumatatu kwa sababu ya mshtuko wa Jumapili. Wenzake wa baraza la mji walikuwa tayari wanakitamani kiwanja chetu wakifanye yadi ya mbao, basi kuku wakawa sababu nzuri. Tukaletewa barua: kiwanja kitafungwa, isipokuwa tukiweza kuonyesha kwamba mbio zinaweza kufanyika kwa utulivu. Afisa atakuja kushuhudia.

Mimi nilikuwa katibu wa wapenzi wa mbio, kwa sababu mimi ni fundi cherehani na nilikuwa na meza. Nilikipenda kile kiwanja kupita kiasi. Sikuwa na shamba, sikuwa na ng'ombe, nyumba niliyolala ilikuwa ya baraza la mji. Pale tu ndipo niliposimama siku moja kwa wiki nikaona kitu nikasema hiki ni chetu. Kwa hiyo nilikaa nikaandika jibu, na nilipoandika, akili ilinitoka. Niliwaza hivi: watu hawapigi kelele mpaka Kuluthum apige. Kuluthum akinyamaza, wote wamenyamaza. Nikaandika: *Waheshimiwa, kelele zote huanzishwa na mwanamke mmoja asiye na adabu. Mwanamke huyo ameshughulikiwa.*

Sikuandika jina. Nilijiona mjanja. Jioni nikamwambia Kuluthum kwa sauti ya upole kwamba Jumapili hii asipige, Thuo, mwamuzi wetu wa mbio, atapunga kitambaa cheupe badala yake.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa ajili ya kiwanja."

Akafikiri. "Kwa ajili ya kiwanja sawa," akasema. "Nitanyamaza." Sikumwambia habari ya barua. Nilidhani imekwenda ofisini na mambo ya ofisini hubaki ofisini.

Jumapili ilifika. Tuliwaambia watu wavae vizuri na wakae kama watu, nao walitii kuliko tulivyoomba. Kanzu zilizopigwa pasi, suti za kanisani, wanawake na kanga mpya, mia saba wamekaa kwenye nyasi mikono magotini kama wanaosubiri maiti itolewe. Eucabeth, aliyekuwa akiuza karanga, alikuwa anampa mtu karanga bila kusema bei. Hata watoto wachanga sijui walipewa nini.

Afisa alikuwa mzungu kijana mwenye masikio mekundu. Tulimpa kiti changu cha cherehani. Alikuja na karani wake, Hezekiah, kijana wa kwetu aliyependa kusoma kitu chochote kilichoandikwa. Ndipo Hezekiah akasimama, akafungua jalada, na kwa kuwa ni desturi ya serikali kwamba kila jambo lisomwe mbele ya wahusika, akaisoma barua yangu. Kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya baraza.

"Mwanamke mmoja asiye na adabu," akasoma. "Mwanamke huyo ameshughulikiwa. Wako mtiifu, Alamin, katibu."

Watu mia saba hawakusema neno, maana waliagizwa wasiseme. Waligeuza vichwa tu. Kwanza walimtazama Kuluthum, halafu wakanitazama mimi. Ningeomba ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Nakuru hupasuka inapotaka yenyewe. Kuluthum hakunitazama. Alijifunika kanga vizuri, akainua kidevu, akatazama mbele.

Thuo akawaachia waendeshaji watano. Vumbi la majivu likapanda. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia sauti ya minyororo na pumzi za watu, na sikuipenda. Mzunguko wa kwanza, wa tano, wa tisa. Thuo akajitokeza ukingoni akapunga kitambaa chake cheupe, ambacho kwa majivu yale kilikuwa kimekuwa cha kijivu tangu mzunguko wa pili. Wakampita. Kumi. Wakampita tena. Tuliwaambia wote habari ya kitambaa, nao wote walikubali kwa kichwa, lakini mtu akiwa amejipinda juu ya baiskeli anasikiliza kwa mazoea, na mazoea yao yalikuwa yanangoja kigelegele.

Kumi na tatu. Kumi na tano. Afisa akatazama karatasi yake, akamnong'oneza Hezekiah.

"Bwana anauliza, mbio ni mizunguko mingapi?"

"Kumi," nikasema.

"Anasema amehesabu kumi na saba."

"Mwambie wameongeza kwa heshima yake."

Afisa akainamisha kichwa kwa shukrani, akakaa vizuri zaidi.

Kwenye wa ishirini mmoja akaingia kwenye ua wa kayaba, akabaki humo na miiba yake bila hata kulia, maana naye alikuwa ameagizwa. Wa ishirini na nne wawili wakagongana wakalala. Thuo akaingia katikati ya njia akanyoosha mikono yote miwili. Nusura wamgonge. Wasike alimwona kabisa, baadaye alikiri, ila alifikiri ni hila ya watu wa Owuor kumsimamisha kwanza. Owuor naye alifikiri ni hila ya watu wa Wasike. Wakabaki wao wawili, wanazunguka, hakuna wa kukubali kusimama mbele ya mwenzake.

Na Owuor ndiye aliyekuwa mbele. Miaka mitatu alikuwa akishindwa kwa sababu mbio zilikuwa zinaisha mapema. Mtu yule alikuwa amejengwa kwa mizunguko thelathini. Lakini sasa damu ilimtoka puani, ikachanganyika na majivu mpaka kifuani, na gurudumu lake lilianza kuyumba. Wasike nyuma yake alikuwa amefumba macho.

Kuluthum alikuwa na kokoto zote mkononi. Machozi yalimtiririka, naye hakuyafuta.

Hapo afisa akatoa kalamu. Hezekiah akanitafsiria, uso wake unang'aa: bwana amefurahi, hajapata kuona watu watulivu namna hii, hata kwao Ulaya. Anatia sahihi. Kiwanja ni chenu, mradi kimya hiki kiendelee.

Ndicho nilichokitaka. Nilikiona pale, karatasi juu ya goti lake, ncha ya kalamu ikishuka. Nilihitaji tu kukaa kimya kidogo, na sikuwa na kazi ngumu, maana midomo ilikuwa imekauka. Kisha Owuor akapita mbele yetu, nikamsikia anakoroma kama mtu aliyelala. Nikatambaa mpaka kwa mke wangu.

"Mama Safiyo, piga," nikamnong'oneza. "Watakufa hawa."

"Na kiwanja?"

"Piga tu."

"Mwanamke asiye na adabu," akasema bila kunigeukia, "hapigi kelele mbele ya wakubwa. Ameshughulikiwa."

"Nilikosea. Nisamehe."

Ndipo akanigeukia. "Umenitukana mbele ya watu wote, Baba Safiyo, unakuja kuniomba radhi sikioni?"

Hakuwa na hasira hata, hilo ndilo lililonimaliza, alikuwa ameumia. Miaka kumi na sita ya ndoa, na mtu wa kwanza kuiita sauti yake kelele kwa maandishi alikuwa mimi. Nikatazama kalamu ya afisa. Nikamtazama yeye. Halafu nikasimama wima katikati ya watu mia saba waliokaa, na kwa sauti yangu nyembamba ya fundi cherehani nikasema kwa nguvu zote nilizojaliwa:

"Jamani, sikilizeni. Mwanamke aliyesomwa kwenye barua ni mke wangu, na barua ni ya uongo. Asiye na adabu ni mimi. Sauti yake si kelele. Bila yeye hapa hakuna mbio, kuna wanaume wanaozunguka tu. Kuluthum binti Shariff, nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Sasa piga, mke wangu."

Kalamu ilisimama. Hezekiah, kwa sababu ya mazoea yake, alianza kutafsiri.

Hakumaliza. Kuluthum alisimama, akatupa kokoto chini, akapiga. Nimesikia ving'ora vya reli, nimesikia radi juu ya mlima Menengai, sijasikia kitu kile tena. Kiti cha cherehani kilipinduka pamoja na aliyekikalia. Na watu mia saba waliokuwa wamebana pumzi tangu mchana waliiachia yote kwa pamoja.

Kigelegele kina maana yake: umebaki mzunguko mmoja. Kwa hiyo wale wawili, wenye mizunguko thelathini na moja miguuni, wakalazimika kwenda mmoja zaidi, tena kwa kasi. Wasike akafumbua macho. Wakaja bega kwa bega, na hatua tatu kabla ya mstari baiskeli ya Owuor ilikata mnyororo. Baiskeli ilibaki, Owuor akaendelea. Alivuka mstari kwa tumbo, mikono mbele, Wasike akiwa nyuma yake kwa urefu wa kiganja. Kama mtu asiye na baiskeli anaweza kushinda mbio za baiskeli ni jambo lililobishaniwa Bondeni mwaka mzima, na nyumba mbili hazikuoana kwa ajili yake. Mimi, mtu wa Wasike, nilikuwa naruka na kupiga kelele, "Owuor, Owuor." Kuluthum aliniona, akacheka mpaka akakaa.

Afisa alijipangusa suruali, akarudisha kalamu mfukoni, akaondoka. Karatasi ilikuwa haina sahihi.

Wiki tatu tulingoja. Sitadanganya kwamba sikujuta. Siku kadhaa nilijuta sana, hasa asubuhi, nikipita pale na kuwaona watu wanapima ardhi kwa kamba. Nikirudi nyumbani nilikuwa nakuta chai ina tangawizi, majuto yanapungua.

Barua ikaja kwa mkono wa Hezekiah, ameshaisoma, bila shaka. Nikaifungua pale pale kwenye cherehani, nikaacha suruali ya mtu ina mguu mmoja, nikakimbia nayo nyumbani. Kuluthum alikuwa anachekecha unga.

"Imesemaje?" akauliza. Hakuacha kuchekecha, lakini chekecheo lilianza kumwaga unga nje ya sinia.

Nikamsomea. Kwamba afisa ameshuhudia kwa macho yake mbio zisizokuwa na mwisho, na kuona kuwa kimya ni hatari kwa maisha ya waendeshaji. Kwamba kiwanja kitaendelea. Kwamba mbio zisizidi tano kwa Jumapili, na kila mbio iwe na kigelegele kimoja cha kuimalizia, nacho kisipigwe na mtu mwingine yeyote isipokuwa Bi Kuluthum binti Shariff wa Bondeni, anayeruhusiwa kwa barua hii.

Nikaona mkono wake umesimama.

"Wameandika jina langu?"

"Hili hapa. Kamili, na la baba yako."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaweka chekecheo chini, akajifuta unga mikononi, akaenda akafungua mlango wa mbele, wote, mpaka ukagonga ukuta.

"Simama hapa kizingitini, Baba Safiyo," akasema. "Toka mwanzo. Na usome kwa sauti."