Inua Ulimi

…hakina ukuta, anasema daktari, na fundi mwashi anamkazia macho kana kwamba katukanwa, maana maisha yake yote ni kuta, za tofali, za mawe, kuta za watu wengine, na leo mama huyu mwenye miwani ya kuning'inia shingoni anamwambia kuna kitu kimepanga kwenye mapafu ya binti yake muda wote huu bila ukuta, ndiyo maana, baba, zile dawa hazikukiweza, amoksilini na jamaa zake wote wanaua vijidudu kwa kubomoa ukuta wao, sasa kijidudu hiki, mycoplasma, hakina… hata ungezidisha nguvu namna gani ni kutwanga maji kwenye kinu, na anacheka kidogo, anacheka! kuna cha kuchekesha hapa? na binti amekaa pale kwenye kitanda cha kupimia, miguu inaning'inia, kikombe cha maji mkono huu, kidonge kipya mkono ule, anakohoa, kikohozi kile kile kikavu kinachomkunja mpaka maji yanamwagika kwenye sketi ya shule, kazi bure, kumbe yote ilikuwa kazi bure, vile vya rangi mbili, kisha vile vyeupe vya kumkaba mtu koo, kisha sindano, na kila mara dada yake, shangazi wa mtoto, mwenye duka la dawa pale njia panda na koti jeupe lisilokosa pasi, kaka, hii ndiyo kali, hii ni kiboko yao, kali, kali, kali, wala hakuna aliyeuliza kali kwa nani, mtoto tumbo linamwendesha mpaka anakwenda chooni kwa kushika ukuta, na kijidudu kimejikalia raha mustarehe, hakina habari, na fundi anajua, nani ajue kama si yeye, ukipiga nyundo pasipo na ukuta nyundo inakurudia mwenyewe, bega linateguka, na nyundo ikiwa nzito ndiyo balaa zaidi…

"Baba, unanisikia? Kidonge hiki anameza hapa hapa. Hiki chenyewe hakihangaiki na ukuta, kinaingia ndani na kukizuia kijidudu kisizaliane. Nyumbani aendelee kama nilivyoandika, asiache hata akipata nafuu."

"Nakusikia, daktari," anasema, na hamsikii hata kidogo, laiti dada angekuwa hapa, angemwambia, angemwambia nini? angemwambia rudia, rudia yale uliyosema mlangoni kwangu umeshika kiuno, "Kaka, dawa hizi haziwezi kushindwa, huyo binti yako hamezi, anatema," rudia mbele ya mama huyu, maana yeye fundi aliyakubali palepale, tena aliona afadhali, ukuta ukipinda si kosa la tofali, kuna mtu aliujenga vibaya, unashusha uzi wa timazi unamjua, na mke wake alipojaribu kumtetea, mtoto anasema amemeza, baba'ke, alimkata kauli, watoto wote husema hivyo, ndipo ikawa kila baada ya chakula, simama hapa kwenye mwanga, fungua mdomo, inua ulimi, huku, na huku, kidole chake chenye saruji kwenye kucha kinapita ndani ya shavu la mtoto, naye macho ameyapeleka darini, "Nimemeza, baba," nyamaza, nani kakuuliza, akapekua mto, akapekua uvunguni, akamwaga mkoba wa shule sakafuni mbele ya wadogo zake, hakuna kitu, na alivyokosa ndivyo alivyozidi kuwaka, akasema huyu mtoto ni mjanja kuliko nilivyodhani, hakukuta kidonge hata kimoja na hilo lenyewe akalifanya ushahidi! kumbe alimeza, alivimeza vyote, na vile vya kukaba koo, na siku zile tumbo lilipokuwa halishiki hata maji alimeza, nyumba nzima mwenye kusema kweli alikuwa yeye peke yake, mgonjwa, na watu wazima wote wamemkalia kooni, shangazi mtu na koti lake, na baba mtu na tochi, ile tochi ya simu, Mungu wangu, alimmulika mtoto kama mwizi… na huyu daktari naye anavyolisema kwa upole, hakina ukuta, angefoka basi, angenitukana, ningejua pa kumjibia…

Binti anaweka kidonge kwenye ulimi. Anakunywa maji, koo linapanda, linashuka, anafuta kidevu, na daktari ananyoosha mkono apokee kikombe, lakini binti hampi, hamtazami hata, amegeuka upande wa baba yake, amefungua mdomo, ameinua ulimi, kwa kidole chake mwenyewe anavuta shavu la huku, kisha la huku, macho yako darini, hakuna aliyemwambia, hakuna, amefundishwa akafundishika, na daktari anauliza, "Unafanya nini, mwanangu?" na hajibu, atajibuje mdomo uko wazi, anangoja baba aseme haya, funga, na ni neno dogo tu, lilikuwa likimtoka kila siku bila shida, haya, funga, na fundi amekaa na mikono yake mizito magotini, na neno haliji.