Aliyenawa Kuliko Wote

Mtaalamu wa maabara alikuwa amekaa sakafuni katikati ya wodi ya watoto njiti, macho ameyafumba, akiwaza kama kidudu.

"Mimi ni mdogo, nina njaa," alisema taratibu. "Napenda majimaji. Nakaa wapi?"

Wauguzi wenzangu walibana vicheko. Tulimwita Bi Ndoto, naye alijua, wala hakujali. Mimi sikucheka. Katika wiki tatu tulikuwa tumewapoteza watoto wanne, na kwenye kitanda cha tano kutoka mlangoni alilala mjukuu wangu, mtoto wa kwanza wa binti yangu, kilo moja na robo. Nilitaka dawa, si maigizo.

Daktari mkuu alikuwa amepima kila kitu kama vitabu vinavyoelekeza: maji ya bomba, maziwa, mashuka, mirija. Vyote safi. Akaagiza tuzidi kunawa mikono. Tukanawa mpaka ngozi zikachubuka, na watoto wakazidi kuugua. Hapo ndipo hofu iliponiingia kweli, kwa maana adui anayepata nguvu kila unapompiga, ujue humjui.

Bi Ndoto akafumbua macho. Bado akiwa kidudu, alisema amejaribu kujificha kwenye maziwa, akachemshwa. Kwenye mashuka, akaanikwa juani akafa. Kuwafikia watoto wote ilibidi abebwe na mtu asiyeshukiwa.

"Nani anaaminika zaidi humu ndani, dada?" aliniuliza.

"Mwenye mikono safi," nilimjibu kwa kero.

Aligeuka kutazama sinki, na chupa ya sabuni ya maji iliyokaa pembeni yake. Akauliza mara ya mwisho ilioshwa lini.

Wote walinigeukia, kwani chupa ile niliisimamia mimi. Tangu nikiwa mwanafunzi nilifundishwa kubana matumizi: sabuni ikikaribia kwisha, unamimina mpya juu ya ile iliyobaki, na maji kidogo ili iwe nyepesi. Kwa miaka sita chupa haikuwahi kukauka hata siku moja, na nilijivunia hilo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kwamba nguo yenyewe unaweza kuwa umeifua kwa mikono yako.

Daktari alisema kidudu hakiwezi kuishi kwenye sabuni, hilo hata mtoto wa shule analijua. Nilimuunga mkono kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Bi Ndoto hakubishana. Alichukua matone machache kwenye kichupa, akarudi maabara kuyaotesha, aone kama kuna vidudu vitakavyokua humo.

Majibu yalichukua siku mbili. Kwa siku hizo mbili, kwa ubishi na kwa woga, niliendelea kunawa kwa sabuni ile ile kila nilipomgusa mjukuu wangu, mara tatu tatu.

Asubuhi ya tatu Bi Ndoto alituletea sahani yake ya kuoteshea. Ilikuwa imejaa vidudu vya kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Daktari aliitazama, kisha akaenda mwenyewe kuitoa chupa. Baada ya hapo hakuugua mtoto mwingine. Homa ya mjukuu wangu ilikuwa imepanda alfajiri ile.

Alipona. Leo ana miaka kumi na miwili, na tangu homa ile sikio lake la kushoto halisikii. Wageni wakija, mama yake huwaambia kwamba bibi ndiye aliyempigania, hakumgusa hata mara moja bila kunawa mara tatu. Mimi huinuka nikakusanya vikombe.